Sura ya Saba: Dawa Inapopanda Mlima

Doksorubisini ni nyekundu. Ikivutwa kutoka kwenye kichupa chake, rangi inaonekana wazi ndani ya bomba la sindano, na tone moja likidondokea shuka, kila aliye wodini analiona. Saa chache baada ya dripu kuisha, mkojo wa mgonjwa nao huwa mwekundu, na muuguzi mwangalifu humweleza mapema asije akadhani anatokwa na damu. Kwa anayefanya kazi na dawa za saratani, rangi hiyo ni bahati, kwa sababu nyingi kati ya dawa hizo hazijitangazi. Siklofosfamaidi, vinkristini na sisplatini zikishachanganywa hazina rangi. Zikimwagika mezani, zikikauka kwenye kitasa cha mlango, zikipenya glavu yenye tundu, hakuna anayejua, na kazi za wodi zinaendelea.

Sura zilizotangulia zilimhusu mgonjwa. Hii inawahusu watu wazima wa afya wanaozishika dawa hizi kila siku: mfamasia anayezichanganya, muuguzi anayezitundika, mhudumu anayebeba beseni la matapishi, dobi anayefua shuka, na ndugu anayemuuguza mgonjwa nyumbani. Nimeamua kuiweka Morogoro, ingawa kitovu cha tiba ya saratani nchini kiko Dar es Salaam, kwa sababu Morogoro ni mahali pazuri pa kuonyesha jinsi hatari hii inavyosafiri. Dawa inaanzia kwenye chumba cha hospitali kubwa na kuishia kwenye beseni la kufulia mlimani Uluguru, na njia nzima kuna mikono ya watu.

Tuanze na namna dawa zenyewe zinavyofanya kazi. Saratani ni seli zinazogawanyika bila kukoma, na dawa nyingi za kemikali huzishambulia kwa kuharibu vinasaba vyao au kuzizuia zisigawanyike. Shida ni kwamba dawa haijui kutofautisha. Shina la unywele linagawanyika, uboho unagawanyika, utando wa utumbo unagawanyika, na mtoto aliye tumboni anagawanyika kuliko wote. Ndiyo maana mgonjwa hupoteza nywele, damu yake hupungua, na hutapika. Anayavumilia hayo kwa sababu upande wa pili wa mizani kuna kifo. Muuguzi aliyesimama kando yake hana saratani. Dawa ikimwingia, hata kwa kiasi kidogo sana, kwake ni hasara tupu, hakuna faida ya kuipima nayo.

Asili ya baadhi ya dawa hizi inaeleza mengi. Tarehe 2 Desemba 1943, ndege za Ujerumani zilishambulia bandari ya Bari, Italia. Miongoni mwa meli zilizozama ilikuwa SS John Harvey ya Marekani, iliyokuwa imebeba kwa siri shehena ya mabomu ya gesi ya haradali. Daktari wa jeshi la Marekani, Stewart Alexander, alipochunguza walioathirika aliona chembe nyeupe za damu zao zimeporomoka. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Louis Goodman na Alfred Gilman wa Chuo Kikuu cha Yale walikuwa wameshaanza kumtibu mgonjwa wa saratani ya tezi kwa kemikali ya jamii hiyohiyo, nao kwa siri, kwa kuwa ilikuwa silaha. Siklofosfamaidi, ambayo leo iko kwenye orodha za dawa muhimu duniani kote, ni ya ukoo huo. Vinkristini ina historia ya upole zaidi: inatokana na vinka, ua la asili ya Bukini ambalo watu wengi wa pwani na bara hulipanda uani kwa ajili ya uzuri wake tu.

Afrika Mashariki haikusubiri mbali wakati dawa hizi zinajaribiwa. Daktari Denis Burkitt alieleza saratani ya taya za watoto wa Uganda mwaka 1958, na katika miaka iliyofuata madaktari wa Kampala na Nairobi waliitibu kwa siklofosfamaidi, methotrekseti na vinkristini, wakaona uvimbe mkubwa ukiyeyuka kwa siku chache. Mwaka 1967 kikaanzishwa kituo cha Kampala ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Matokeo yaliyopatikana huko yalisaidia kuufundisha ulimwengu kwamba dawa peke yake inaweza kuponya saratani. Watoto hao wanakumbukwa katika vitabu vya tiba. Wauguzi waliovuta dawa kwa mikono yao, kwenye meza za kawaida za wodi, hawatajwi.

Duniani kote hali ilikuwa hiyohiyo hadi mwaka 1979, Kai Falck na wenzake wa Finland walipochapisha matokeo ya kupima mkojo wa wauguzi wanaoshughulika na dawa za saratani. Waliukuta na uwezo mkubwa zaidi wa kubadilisha vinasaba vya bakteria kuliko mkojo wa watu wasiogusa dawa hizo. Kwa maneno mengine, dawa ilikuwa ndani ya miili ya watu ambao hawakuandikiwa na daktari yeyote. Mwaka 1985, huko huko Finland, uchunguzi mwingine ulionyesha kuwa miongoni mwa wauguzi waliopoteza mimba, waliogusa dawa hizi katika miezi mitatu ya kwanza walikuwa zaidi ya mara mbili ya walivyotarajiwa kuwa wakilinganishwa na waliojifungua salama. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao Lyon, limeiweka siklofosfamaidi katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Doksorubisini na sisplatini ziko kundi linalofuata, la vitu ambavyo huenda vinasababisha.

Kuna kosa moja la enzi hizo ambalo kila mjenzi wa hospitali anapaswa kulijua. Hospitali nyingi za nchi tajiri zilinunua meza za kuchanganyia zinazopuliza hewa safi kwa ulalo, kutoka nyuma ya meza kuelekea mbele. Dawa ilibaki safi bila vijidudu. Lakini hewa hiyo ilipita juu ya kichupa, ikabeba mvuke wowote uliotoka humo, ikampiga mfamasia usoni. Kifaa kililinda dawa na kumwachia mtu madhara. Kabati linalofaa huvuta hewa kutoka juu kwenda chini na kuichuja kabla ya kuitoa nje. Bado vifaa vya aina zote mbili vinauzwa, vinafanana kwa mbali, na msaada wa kifaa unapokuja kutoka nje ya nchi ni muhimu mtu anayejua tofauti awepo wakati wa kupokea.

Sasa tuitazame mikono yenyewe. Kichupa cha siklofosfamaidi huja na unga. Muuguzi anaingiza maji kwa sindano kupitia kifuniko cha mpira, anatikisa, kisha anavuta. Maji yanapoingia, hewa iliyomo inabanwa, na sindano ikichomolewa bila uangalifu dawa inafoka kama soda iliyotikiswa, ila kwa matone madogo yasiyoonekana. Yanatua kwenye glavu, kwenye mikono ya gauni, kwenye simu iliyo mfukoni. Njia ya kuzuia haihitaji fedha: unavuta hewa kidogo kutoka kwenye kichupa kwanza, unaingiza maji kidogo kidogo, unaacha shinikizo la ndani liwe dogo kuliko la nje wakati wote. Ni ufundi wa vidole, na hufundishwa vizuri kwa kutumia maji yenye rangi inayong'aa chini ya taa maalumu ya urujuanimno. Mwanafunzi anachanganya "dawa" akiamini amekuwa msafi, taa inawashwa, na anaona mwenyewe alama kwenye vidole, kifuani, mara nyingine hata shingoni. Somo moja la namna hiyo linafanya kazi kuliko mabango kumi ukutani.

Njia za kuingia mwilini ni tatu. Kubwa kuliko zote ni ngozi. Ya pili ni mdomo, kwa sababu mkono uliogusa dawa unakwenda kushika andazi. Ya tatu ni pumzi, na hapa niseme wazi: barakoa ya kawaida ya hospitali haizuii mvuke wala chembe ndogo za dawa, ingawa anayeivaa anajihisi amekingwa. Na mtu akidhani vichupa vinavyotoka kiwandani ni safi kwa nje, tafiti za nchi mbalimbali zimekuta dawa juu ya vichupa ambavyo havijafunguliwa. Kwa hiyo hatari huanza kwa mtunza stoo anayefungua katoni.

Tufike sasa Morogoro, mji kasoro bahari. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kwa mwaka. Kwa miongo mingi njia yao ilikuwa moja, kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, hospitali iliyoanza enzi za Wajerumani na kuwa taasisi inayojitegemea mwaka 1996. Baadaye hospitali za Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi zikaongeza nguvu. Mgonjwa wa Morogoro bado anaelekea pwani, kilomita zipatazo 190, kwa basi kutoka Msamvu au, tangu Juni 2024, kwa treni ya umeme. Anapewa dawa, analala siku moja au mbili kwa ndugu au anarudi siku ileile. Na hapo ndipo watu wanaposahau: dawa hairudi hospitalini baada ya dripu kutolewa. Kwa saa 48 hivi, na kwa baadhi ya dawa hadi wiki nzima, sehemu yake inatoka kwa mkojo, kinyesi, matapishi na jasho.

Mfikirie mama anayemuuguza dada yake mlimani Uluguru, huko Kinole, au Nyandira upande wa Mgeta. Kwa Waluguru, ukoo unafuata upande wa mama, na mgonjwa mara nyingi yuko mikononi mwa ndugu wa kike wa tumbo moja na watoto wao. Huyu mama ndiye anayemwaga ndoo ya usiku. Ndiye anayefuta matapishi kwa kanga kuukuu na kufua kwa mikono mitupu, pengine mtoni, pengine akiwa na mimba au mtoto mgongoni. Kabla hawajaondoka hospitali angeweza kuuliza, "Sista, hizi shuka nazifua pamoja na za watoto?" na jibu lingechukua dakika mbili. Zifue peke yake, mara mbili, ukiwa na glavu au hata mifuko ya plastiki isiyotoboka. Mkojo umwage chooni, mgonjwa akae anapokojoa ili asirushe, funika tundu, nawa kwa maji na sabuni. Usimwage kwenye mteremko unaoelekea kijito. Kama una mimba, mwachie mwingine kazi hiyo kwa siku hizo.

Maji ya Uluguru huingia Ruvu, na Ruvu ndiyo chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam. Ngerengere nayo hujaza bwawa la Mindu linalonywesha Morogoro. Sitaki mtu aogope kufungua bomba. Kiasi kinachotoka kwa mgonjwa mmoja kinapotelea katika maji mengi. Hatari kubwa iko karibu zaidi, kwenye viganja vya anayefua.

Jambo jingine linapaswa kusemwa kwa nguvu ileile. Saratani haiambukizi. Kumshika mgonjwa mkono, kumkumbatia, kula naye, kulala chumba kimoja naye, hakuna ubaya wowote. Nimesikia watu wakianza kumtengea mgonjwa sahani baada ya kuelezwa habari za dawa hizi nusu nusu. Elimu inayomwacha mgonjwa mpweke imeharibu kuliko ilivyojenga. Kinachohitaji tahadhari ni majimaji ya mwili, kwa siku chache, na mgonjwa mwenyewe aelezwe hivyo mbele ya ndugu zake.

Serikali na wataalamu wanataka tiba isogee karibu na watu, na ni haki. Mama wa Matombo asilazimike kuuza mbuzi ili afike Dar es Salaam kila wiki tatu. Lakini dawa ikipanda kwenda mikoani, kinga ipande kwenye gari lilelile. Na tusijidanganye kwamba hospitali za mikoa hazijaanza kuzishika. Methotrekseti hutumika kwa mimba iliyotunga nje ya kizazi na kwa mimba zabibu. Vinkristini imetumika miaka mingi kwa saratani ya Kaposi kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Haidroksiyurea, inayowapunguzia maumivu wagonjwa wa selimundu, nayo imo katika orodha ya dawa hatarishi kuzishika, na Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Dawa hiyo huja kwa kapsuli za watu wazima. Mtoto hawezi kumeza, basi mzazi anaifungua kwa kucha, anamwaga unga kwenye kijiko. Hakuna mlango wenye alama ya hatari hapo; ni meza ya chakula. Haidroksiyurea ni dawa njema na mtoto asinyimwe. Mzazi apewe jozi chache za glavu pamoja na kapsuli, aelekezwe kuifungua ndani ya maji kwenye kikombe kisichotumika kwa kazi nyingine, mbali na mama mjamzito.

Hata madaktari wa mifugo wamo. Uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizana kwa mbwa hutibiwa kwa vinkristini, na mbwa aliyechomwa hukojoa palepale anapofungwa. Katika mji wenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambako vizazi vya madaktari wa mifugo vimesomea, somo hili lingefundishwa kwa pamoja kwa wanaotibu watu na wanaotibu wanyama.

Tukija kwenye vifaa, msomaji atauliza fedha zitatoka wapi. Kabati lenye chujio ni ghali, linahitaji kukaguliwa kila mwaka, na umeme ukikatika linakuwa sanduku tu, hivyo uchanganyaji usimame mpaka urudi. Lakini mwaka 2013 ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya bara la Amerika ilitoa mwongozo kwa ajili ya mahali pasipo na uwezo, na mengi yaliyomo ni utaratibu. Dawa zichanganywe chumba kimoja, kisicho njia ya kupita watu, na si kwenye meza ya wauguzi. Feni izimwe. Najua joto la Morogoro la Januari na ugumu wa agizo hilo, lakini feni inasambaza matone chumba kizima. Mrija wa dripu ujazwe maji ya chumvi kabla dawa haijaongezwa, ili hewa itakayotolewa isitoke na dawa. Glavu mbili, za nje zibadilishwe kila nusu saa au zikichanika. Gauni lisilopitisha maji. Baada ya kazi, maji na sabuni, kwa sababu kitakasa mikono cha spiriti hakiiondoi dawa, kinaitandaza tu. Na kila wodi iwe na mfuko wa dharura wa kumwagika: glavu, vitambaa vya kunyonya, mifuko minene, maelekezo ya Kiswahili.

Ya Kiswahili nasema makusudi. Miongozo mingi imeandikwa kwa lugha ya madaktari na imefungwa kabatini kwa matroni. Anayedeki sakafu saa kumi na moja alfajiri pengine ameajiriwa na kampuni ya usafi yenye mkataba wa mwaka mmoja, hayumo kwenye mafunzo ya hospitali, na hakuna aliyemwambia kwamba beseni la wodi hii si sawa na beseni la wodi ya jirani. Nikitakiwa kuchagua mtu mmoja wa kufundishwa kwanza, nitamchagua huyu. Mfamasia ana shahada na kabati. Huyu ana ndala na dekio.

Taka ni suala ambalo sijaona likipewa uzito unaostahili. Shirika la Afya Duniani linasema dawa hizi zichomwe kwa joto la nyuzi 1,200. Matanuru ya matofali yaliyo nyuma ya hospitali nyingi hayafiki huko. Taka zikiungua nusu, moshi unaweza kubeba dawa, na anayechochea moto anauvuta. Hospitali ya mkoa iweke vichupa na mirija kwenye chombo kigumu chenye alama yake, kisichochanganywa na sefti boksi za kawaida, na kiende kwenye tanuru lenye uwezo, hata kama ni mbali. Gari linalopeleka dawa linarudi tupu.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi na ampime afya. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto. Pengo liko kwenye kalenda: viungo vya mtoto huumbika katika wiki za mwanzo, wakati mama mwenyewe huenda hajajua, au anajua na hajawa tayari kumwambia matroni. Kinga inayongoja tangazo la mimba huja imechelewa. Aliye katika umri wa kuzaa apewe nafasi ya kuhamishwa tangu anapoanza kupanga, bila kutakiwa kujieleza mbele ya wodi nzima. Wanaume nao wasisahauliwe, kwani baadhi ya dawa hizi huharibu mbegu zao.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, na kinadharia muuguzi aliyeugua kwa sababu ya kazi anaweza kudai. Lakini saratani inayotokana na kemikali huchukua miaka kumi, ishirini, au zaidi kujitokeza. Muuguzi aliyechanganya siklofosfamaidi mwaka huu huenda akaugua akiwa mstaafu, amerudi kwao Mkuyuni analima ndizi. Ataonyesha nini? Hana karatasi inayosema aligusa dawa gani, mara ngapi, na kama kabati lilikuwa linafanya kazi siku hiyo. Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa kila hospitali inayojiandaa kufungua huduma hii mkoani ni daftari la mistari: tarehe, dawa, kiasi, jina la aliyechanganya, jina la aliyetundika, jina la aliyesafisha, na kila palipomwagika. Lifunguliwe siku ya dripu ya kwanza, litunzwe miaka thelathini, na nakala apewe mfanyakazi siku anapohama kituo.